Barua zinarudi kwangu, na mimi sikuziandika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea. Nasoma tasnifu na ripoti za watu, nanyoosha lugha, nalipwa kwa ukurasa. Kazi yote inaingia na kutoka kwa barua pepe, na anwani ninayotumia iko kwenye kikoa changu mwenyewe, yaani lile jina linalokuja baada ya alama ya @, ninachokilipia mwaka wa sita sasa.

Jumatatu ya wiki iliyopita niliamka nikakuta barua 412 kwenye kikasha. Siku za kawaida huwa kumi, kumi na mbili. Karibu zote zimetoka kwa anayejiita Mailer-Daemon au Postmaster, na zote zina neno moja: barua yako haikufika. Barua ipi? Mimi nilikuwa nimelala. Nilifungua moja, chini yake nikaona hiyo inayodaiwa kuwa yangu. Ni tangazo la vidonge vya kupunguza unene, limeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Jina la mtumaji si langu, lakini anwani iliyo kando yake ni yangu herufi kwa herufi.

Nyingine hazikurudishwa na mashine. Mama mmoja ana jibu linalojituma lenyewe: yuko likizo ya uzazi, atanijibu baada ya miezi mitatu. Mwingine aliandika kwa mkono wake, "Acha kunitumia uchafu huu, nitakushtaki." Hiyo ndiyo iliyonitoa machozi. Nikaanza kuwaandikia kuwaomba radhi, mmoja mmoja, usiku. Nimeshafika watu 37.

Nenosiri nimelibadilisha mara tatu kwa siku mbili, barua hazikukoma. Kijana anayenisaidia mambo ya kompyuta anasema nimedukuliwa na dawa yake ni kuifunga anwani. Lakini kuna jambo linanichanganya: baadhi zimerudi kwa majina ambayo sijawahi kuyatengeneza, kama "mauzo" na "habari22", yakiwa na mkia wa kikoa changu. Huyo mtu ameingia wapi?

Linaloniuma kuliko yote ni mteja wangu wa muda mrefu. Jumanne, siku ya pili ya mkasa huu, nilimtumia sura ya nne ya tasnifu yake pamoja na ankara. Huyu hujibu siku hiyo hiyo. Leo ni siku ya tisa tangu mambo haya yaanze na yeye kimya. Nahisi naye amepata lile tangazo la vidonge na ameniweka kundi la matapeli. Naona haya hata kumuuliza.

Nimekuambatishia tatu kati ya hizo, nilizoziokota bila kuchagua, maana naogopa kuzisoma hadi mwisho. Moja ina namba 550 5.1.1, ya pili 550 5.7.1, ya tatu 552 5.2.2. Niambie, Shangazi, niifunge anwani?

Mhariri asiyelala

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa siku tisa hizo.

Nimezisoma zote tatu mstari kwa mstari, pamoja na ile mistari midogo ya juu ambayo wengi huiruka. Usiifunge anwani. Sioni dalili kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yako. Ninachokiona ni mtu aliyeandika anwani yako nyuma ya bahasha zake.

Chukua barua ya karatasi. Ndani mna karatasi yenye jina la mwandishi, na nyuma ya bahasha pana anwani ya kurudishia endapo mpokeaji hapatikani. Ukiandika hapo anwani ya jirani, barua ikikwama itarudi kwa jirani. Barua pepe imejengwa hivyo hivyo. Utaratibu ambao seva, yaani kompyuta zinazopokea na kupeleka barua, hutumia kupokezana barua hizo, SMTP, uliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa na mashine chache na wasimamizi wengi wakifahamiana. Seva moja huisalimu nyingine na kusema, barua hii imetoka kwa fulani, inakwenda kwa fulani. Ya pili huitikia, haya, ilete. Katika mazungumzo hayo ya asili hapakuwekwa mahali pa kumtaka fulani wa kwanza athibitishe kuwa ndiye. Tena ile anwani ya nyuma ya bahasha na hii inayoonekana ndani, kwenye mstari wa mtumaji, ni vitu viwili mbalimbali. Zinaweza kufanana, zinaweza zisifanane, na zote mbili mtumaji huziandika apendavyo.

Sasa mtu wa barua taka ana orodha ndefu ya anwani, na nyingi zilishakufa. Hataki marejesho ya zote hizo yamwangukie yeye, wala hataki ijulikane zinakotoka. Anachomoa anwani ya mtu mwingine kutoka orodha ile ile na kuibandika. Yako angeweza kuipata kwenye orodha zilizovuja, kwenye tovuti yako, au kwenye kompyuta iliyoambukizwa ya mtu ambaye amekuhifadhi tu miongoni mwa anwani zake. Mara chache sana hufanywa kwa kisasi. Mwaka 1997 Joe Doll, aliyekuwa na tovuti ya joes.com, alimfungia akaunti mtu mmoja kwa kujitangaza kwa barua taka, na mtu huyo akalipiza kwa kusambaza barua tele zikionekana zimetoka kwa Joe. Waliozipokea wakamgeukia Joe kwa hasira. Hadi leo mafundi huliita shambulio la namna hiyo kwa jina lake. Kwako sioni kisasi. Umeokotwa.

Yuko mkosaji wa pili, na hapa naongea kwa uchungu kwa sababu nami nimewahi kusimama upande huo. Seva iliyopangwa vizuri humkagua mpokeaji mlangoni. Jina likiwa halipo, inakataa papo hapo, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, na mzigo unabaki mikononi mwa aliyeuleta. Seva iliyopangwa vibaya hupokea kila kitu, hufunga mlango, halafu ndipo inagundua kuwa hakuna mtu wa jina hilo au kwamba barua yenyewe ni taka. Mleta mzigo ameshaondoka. Inabaki kuurudisha kwa anwani ya nyuma ya bahasha, na hapo ndipo ulipo wewe, umelala kitandani kwako.

Miaka ya nyuma nilikabidhiwa seva ya ofisi moja iliyopangwa hivyo, nami nikakaa nayo wiki kadhaa bila kujua. Siku moja nilifungua foleni ya barua zinazosubiri kutoka nikakuta maelfu, karibu zote marejesho, zikielekea kwa watu ambao hawakuwahi kutuandikia. Kwenye kikasha cha msimamizi, ambacho hakuna aliyekuwa akikisoma, nilikuta mwalimu wa muziki ametuandikia mara nne akisihi tuache. Mara nne. Nilibadili mpangilio usiku ule ule, na mabadiliko yenyewe yalikuwa mistari miwili. Kama unasimamia seva na unasoma hapa, tafadhali nenda kaangalie leo kama yako inamkagua mpokeaji kabla ya kupokea. Na kikasha cha msimamizi kisomwe.

Turudi kwako. Kila seva inayopitiwa na barua huandika mstari wake unaoanza na neno Received, kama mhuri wa posta, na mihuri hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Ili kuiona, programu yako ya barua ina chaguo la kuonyesha ujumbe katika umbo lake la asili, kwa kawaida kwenye menyu iliyo pembeni ya barua. Mtumaji mjanja huweza kubuni mihuri ya chini kabisa, lakini ule uliogongwa na seva iliyopokea hawezi kuugusa. Barua yako ya kwanza, ile ya 550 5.1.1, maana yake mpokeaji huyo hayupo. Nimeshuka hadi kwenye nakala ya tangazo la vidonge, nikatafuta mhuri wa seva iliyolipokea. Limeletwa na mashine isiyohusiana kwa namna yoyote na kampuni inayokutunzia barua. Ya pili, 550 5.7.1, imekataliwa kwa sababu za sera, yaani seva iliyotakiwa kuipokea imeona ni taka, na mashine iliyoileta ni nyingine tena, mbali na ya kwanza. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyopita mlangoni kwako.

Ushahidi mwingine umeutaja mwenyewe bila kujua uzito wake. Hizo "mauzo" na "habari22" hazipo. Mtu aliyeingia kwenye akaunti yako ya barua angeandika kwa anwani yako. Asingehangaika na majina ambayo hayana akaunti. Aliye nje ndiye anayebuni jina lolote na kulitia mkia wa kikoa chako. Na zimekufikia kwa sababu kikoa chako kimewekwa kizoe kila kitu: barua yoyote yenye mkia huo, hata jina liwe la kubuni, inatupwa kwenye kikasha chako. Ingia kwenye paneli ya kampuni inayokutunzia barua, tafuta mpangilio huo, uzime. Ukiwa na majina mawili matatu unayoyatumia kweli, yaandikishe kwanza moja moja. Nategemea sehemu kubwa ya mafuriko itakatika siku hiyo hiyo.

Hata hivyo nenda kahakikishe, maana macho yangu yameona barua tatu tu na wewe unazo 412. Anza na folda ya zilizotumwa, ingawa utupu wake hautoshi, kwa kuwa mwizi anaweza kufuta nyayo. Zaidi angalia kanuni za kuchuja na za kuelekeza barua kwingine. Hapo ndipo wezi hupenda kujificha: huweka kanuni inayopeleka nakala ya kila barua kwao, au inayofuta kila jibu lenye neno fulani, na kanuni hiyo hubaki ikifanya kazi hata nenosiri likibadilishwa mara tatu kama ulivyofanya. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia hivi karibuni, programu ulizoziruhusu zisome barua zako, na namba ya simu na anwani ya akiba za kurejeshea akaunti, kama bado ni zako. Ukikuta kitu usichokitambua, kiondoe, toa vifaa vyote nje, ndipo ubadilishe nenosiri. Usipokuta chochote, washa uthibitisho wa hatua mbili halafu uache nenosiri lipumzike. Marejesho yatakuja hata ulibadilishe kila saa, kwa sababu yule mtu hajawahi kulihitaji.

Dalili ambayo ingenibadilisha mawazo ni watu unaowafahamu kukuambia wamepata barua ya ajabu iliyofuatia mazungumzo yenu ya kweli, na chini yake maneno yako uliyowaandikia zamani. Hapo kuna mtu anayesoma kikasha, chako au cha mwenzako. Tangazo la vidonge kwa watu msiojuana halina sura hiyo.

Sasa hao 37. Mwanangu, acha kuomba radhi. Najua ni moyo mwema uliokusukuma, lakini umeomba msamaha kwa kosa ambalo si lako, na mtu aliyepata tangazo la vidonge kisha akapata barua ya pili kutoka anwani ile ile anaziona mbili kuwa kitu kimoja. Ukituma nyingi kwa watu usiowajua, wengine wataibonyeza kuwa taka, na mara hii barua itakuwa imetoka kwako kweli, kwa hiyo sifa itakayoharibika ni ya anwani yako. Aliyekutishia kukushtaki usimjibu tena. Mailer-Daemon naye usimjibu kabisa. Hilo ni jina la programu, na barua za marejesho hutumwa na anwani ya kurudishia iliyo tupu, kwa makusudi, ili seva mbili zisije zikarudishiana barua moja milele.

Kuna dawa ya muda mrefu, na kwa kuwa kikoa ni chako, uwezo unao. Rekodi za kikoa ni za wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma, nami nimezisoma zako. Hakuna hata moja ya zile tatu zinazosema nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lako. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutumia anwani yako nyuma ya bahasha. DKIM ni sahihi ambayo seva yako huitia kwenye kila barua, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliouweka wazi. DMARC inaziunganisha mbili hizo na ile anwani ya ndani inayoonekana, kisha inawaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyolingana: waipitishe tu na kukuletea ripoti, waiweke kwenye taka, au waikatae. Si mambo ya pembeni tena. Yahoo walitangaza kukataa barua za kughushi za kikoa chao Aprili 2014, na tangu Februari 2024 wao na Google wanawadai watumaji wakubwa wawe na zote tatu.

Usiirukie hatua ya kukataa. Nimeona watu wakiiweka Ijumaa jioni, na Jumatatu ankara zao wenyewe zinakataliwa, kwa sababu walisahau kwamba programu ya ankara hutuma kwa jina lao kupitia seva zake. Wewe pia unatuma ankara. Kwa hiyo andika kwanza kila kitu kinachotuma kwa anwani yako: simu, kompyuta, programu ya ankara, fomu ya kwenye tovuti. Kampuni inayokutunzia barua itakupa mistari ya SPF na DKIM ya kubandika. SPF iwe rekodi moja tu, maana ukiweka mbili zinavurugana na hukumu inakuwa kosa. DMARC ianze kwa kutazama bila kuzuia. Baada ya wiki chache, ripoti zikionyesha zako zote zinapita, panda hadi kwenye taka, kisha kukataa. Hilo halitamzuia mwizi kuandika jina lako, lakini wapokeaji wanaozifuata rekodi hizo wataikataa barua yake mlangoni, na hakutakuwa na cha kukurudishia. Wenye anwani kwenye huduma kubwa za bure hawana haja ya kugusa haya, kampuni ndiyo inayoyasimamia. Kazi yao ni ule ukaguzi wa akaunti.

Mafuriko yenyewe kwa kawaida huisha baada ya siku chache, mtu huyo akihamia anwani nyingine. Usishtuke yakichuruzika baada ya hapo. Seva inayoshindwa kufikisha barua kwa tatizo la muda huendelea kujaribu, mara nyingi siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa na kukuletea taarifa. Kwa hiyo leo unaweza kupata marejesho ya barua iliyotumwa wiki iliyopita.

Katika rundo hilo huenda zimo na za uongo mtupu, zilizovaa nguo za marejesho. Mbinu hiyo ni ya zamani. Mnyoo wa MyDoom, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulioenea Januari 2004 ulijifanya hivyo hivyo, taarifa ya barua iliyoshindwa kufika, na kiambatisho ambacho watu walikifungua kwa kutaka kujua walituma nini. Siku hizi huja zaidi kama kitufe: barua zako sita zimezuiliwa, bonyeza hapa uingie uzipokee. Marejesho ya kweli hayakutaki uingie popote wala uandike nenosiri. Usibonyeze. Kiambatisho chenye nakala ya barua nacho kiache, umbo la asili nililokueleza litakuonyesha kila unachohitaji bila kukifungua.

Nimeiacha barua yako ya tatu makusudi, ile ya 552 5.2.2. Umeiweka pamoja na wenzake, kumbe si mwenzao. Iliyokurudishia hii ni seva ya kampuni ile ile inayokutunzia barua, na mhuri wa chini unaonyesha barua ya asili ilitoka kwenye kompyuta yako, Jumanne, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Kichwa chake kinasomeka "Sura ya nne, marekebisho na ankara". Namba hiyo maana yake kisanduku cha mpokeaji kimejaa. Mteja wako hajakukasirikia, hajakuona tapeli, na hajaipata sura yake. Pengine yeye naye anajiuliza kwa nini mhariri wake amenyamaza siku zote hizi.

Kabla hujazifuta hizo 412, tafuta kwanza zilizorudishwa na kampuni hiyo inayokutunzia barua, uone kama iko nyingine ya kweli iliyozama humo. Lakini kabla hata ya hilo, mpigie simu mteja wako sasa hivi. Mwambie afute vitu kwenye kisanduku chake, kisha umtumie upya.